Watu wa Kunisindikiza

Jumanne, 4 Machi

Tiketi imefika. Dada yangu ameinunua huko ng'ambo aliko, mimi nimeiona kwenye simu. Naondoka tarehe kumi na nane, narudi baada ya wiki tatu. Miaka yote hii nimetengeneza zipu za masanduku ya wanaosafiri, mimi mwenyewe ndege naziona zikipita juu ya paa. Sasa zamu yangu.

Dada alipiga kuhakikisha kwamba nimeiona. Nikampa na habari za Fundi Saa, jirani yangu wa kibarazani, ambaye amesogeza meza yake ikavuka mstari wa chaki unaotenganisha sehemu zetu kwa upana wa kidole. Dada alicheka. Alisema kila akipiga simu lazima amsikie huyo Fundi Saa. Nilimjibu kwamba adui hafai kuachwa bila kuangaliwa.

Ndipo akaniuliza nani atanisindikiza uwanja wa ndege.

Swali dogo tu. Lakini alipoondoka yeye, karibu mtaa mzima ulipanda lori kumsindikiza. Mama alizirai, akazinduka, akaona dada bado hajaingia ndani, akazirai tena. Tangu Mama afariki naishi peke yangu, na dada jambo hilo linamkosesha raha. Kwa hiyo nilimjibu bila kusita kwamba wasindikizaji ni wengi mno, wengine imebidi niwakataze. Alifurahi mpaka sauti ikamtetemeka. Akasema nipige picha pale uwanjani, mimi na watu wangu wote, nimtumie kabla sijapanda ndege.

Watu wangu wote. Nimekaa kitandani nikijaribu kuwafikiria. Nawajua watu wengi sana kwa mabegi yao. Sura zao sizikumbuki, na sidhani kama wao wanaikumbuka yangu.

Si kitu. Kuna muda. Watu watapatikana.

Jumatano, 5 Machi

Leo nimeitangaza safari. Nilianza na Fundi Saa, si kwa kumpenda, ila yeye ndiye aliyekuwa karibu. Aliitoa lenzi jichoni, akauliza nitakaa kwa muda gani. Nikasema wiki tatu. Alisema wiki tatu si nyingi, ana saa humo ndani zinazomsubiri mwenyewe tangu mwaka juzi. Kisha akarudisha lenzi jichoni. Wivu mtupu.

Mama wa Duka, upande wa pili wa barabara, alisema hongera huku akimhesabia mteja mayai. Ilibidi aanze upya, akanitazama kwa jicho baya. Mama Mwenye Nyumba aliniuliza kama nitazima taa ya chumbani nikiondoka. Wateja watatu walisema safari njema, wakauliza begi lao litakuwa tayari lini.

Hakuna aliyeuliza naondoka siku gani. Hata mmoja.

Ijumaa, 7 Machi

Nimepata akili! Mtu hakusindikizi mpaka awe na lake kwako. Nimetangaza kwamba napokea maagizo. Mwenye kutaka kitu kutoka ng'ambo aseme, na siku ya safari aje uwanjani kunikumbusha, maana kichwa changu ni cha kusahau.

Watu walimiminika. Viatu, wigi, dawa ya goti, simu isiyoingia maji. Bwana mmoja anataka mlango wa gari lake, wa kushoto, wa nyuma. Mama wa Duka anataka mkoba mwekundu, si mwekundu wa nyanya, mwekundu wa damu ya mzee. Sikuelewa. Niliitikia tu.

Lakini kila nilipotaja uwanja wa ndege, walisema hakuna haja ya kusumbuana, watanitumia ujumbe kwenye simu. Wa viatu waliniachia vipande vya kamba walivyopimia nyayo zao. Hadi jioni sina msindikizaji hata mmoja, nina kamba mfuko mzima.

Fundi Saa peke yake hakuagiza kitu. Nilimuuliza kwa ukarimu tu, mbele ya watu. Alisema yeye hahitaji cha huko, nirudi na miguu yangu miwili inatosha. Nimelitafakari neno hilo mchana kutwa. Anaomba nivunjike mguu. Ameshasikia kuhusu zile ngazi zinazotembea zenyewe.

Jumapili, 9 Machi

Siku mbaya. Naiandika kwa kifupi.

Tatizo, niliona, ni kwamba watu hawajaiamini safari. Hawajaona sanduku. Mimi sanduku sina, nina ya wateja. Nikachukua lile kubwa la bluu ambalo mwenyewe hajalifuata muda mrefu, nikaamua kulikokota mtaani, kwenda na kurudi, macho makavu, kama mtu anayelijaribu. Likiwa tupu lilirukaruka na kupiga kelele ya debe. Nikalitia matofali. Hapo likatoa mlio wa safari kweli.

Nilipofika mbele ya duka la Mama wa Duka, zipu ilifyatuka. Zipu niliyoitengeneza mwenyewe, kwa mkono wangu, na nikampa mteja neno langu kwamba haitafyatuka tena. Matofali yakatawanyika barabarani. Watu wakasimama. Mama wa Duka akauliza kama huko niendako hakuna matofali.

Nilisema ni zawadi. Sijui kwa nini nilisema hivyo.

Nilipoinama kuyaokota nikaona mikono mingine inaokota pembeni yangu. Fundi Saa. Aliyapanga moja baada ya jingine, makubwa chini, madogo juu. Alikuwa anayafurahia, nina hakika. Ni mtu wa kufurahia kimyakimya, na hao ndio wabaya zaidi.

Jumatatu, 10 Machi

Nimegundua kosa langu. Kosa ni wiki tatu. Nani anayemsindikiza mtu wa kurudi? Mtu wa kurudi anaambiwa haya, tutaonana. Dada alipanda ndege kwenda kuishi, ndiyo maana lori lilijaa.

Basi asubuhi nilivuka barabara nikamnong'oneza Mama wa Duka kwamba mambo yamebadilika. Nahama. Sirudi tena. Nikamsihi asimwambie mtu.

Kabla ya saa sita mtaa wote ulikuwa unajua. Na walikuja! Walikaa kwenye benchi langu, wakajipanga mpaka pa kukaa pakakosekana, wengine wakasimama. Mama mmoja alinishika mkono akasema mtaa utakuwa na pengo. Pengo! Bwana wa mlango wa gari alisema mafundi kama mimi hawapatikani tena, ingawa begi lake nililipotezea mpini. Mama Mwenye Nyumba aliniita mwanangu. Na wote waliuliza naondoka lini. Nikasema Jumanne ya wiki ijayo, asubuhi, na kwamba nitakodi gari la kuwabeba. Wakasema wanakuja, hilo si la kuuliza.

Naandika haya nikiwa na furaha ambayo sijaipata tangu Mama afariki. Nilikuwa nimesahau inavyokuwa mtu akikaa karibu yako bila begi bovu mkononi.

Fundi Saa hakuja kwenye benchi. Aliniangalia kwa mbali. Baadaye aliuliza kama ni kweli sirudi. Nikasema ni kweli. Akainama kwenye saa yake. Nimemkomesha.

Alhamisi, 13 Machi

Wamekuja kuchukua vitu.

Mtu anayehama hawezi kung'ang'ania jiko. Hilo sikulifikiria. Mama wa Duka alikuja na kitambaa cha kulifungia, akasema anajua nilikuwa nataka kumpa ila naona aibu. Kitanda kimechukuliwa na bwana wa mlango wa gari. Meza, ndoo, pazia, vyote vimetoka. Mama Mwenye Nyumba alileta mpangaji mpya kuona chumba nikiwa nakula. Yule mpangaji alipima dirisha kwa shubiri, akanisogeza kidogo, akaendelea kupima. Akauliza kama harufu ya gundi itatoka.

Sikukasirika. Kila anayechukua kitu anajifunga. Hawezi kulalia kitanda changu halafu akose kunisindikiza, uso atauweka wapi? Kwa hesabu zangu gari litajaa.

Wote waliitaka cherehani. Hiyo nilikataa. Nilimwambia mmoja kwamba imekufa, mwingine kwamba ina mwenyewe, wa tatu kwamba inarusha umeme, na wa tatu akanikumbusha kwamba ni ya kukanyaga kwa miguu. Niliifunika turubai nikaifunga kamba.

Kisha kiti cha Mama. Kile cha mbao, mguu mmoja niliuunga mwenyewe. Alikuwa akikaa nacho mlangoni jioni, nikichelewa ananipokea kwa maneno kabla sijavua viatu. Tangu aondoke sijakaa juu yake. Nilikuwa nimekificha nyuma ya mlango, lakini mpangaji mpya aliufunga mlango ili auone ulivyo, akakiona, akasema hicho kitamfaa cha kuwekea viatu.

Nilitaka kusema hapana. Watu walikuwa wananitazama. Nani anahama na kiti kibovu?

Hapo ndipo Fundi Saa, ambaye hata sikujua kaingia saa ngapi, akasema kiti hicho anakitaka yeye. Mpangaji akasema kaona kwanza. Fundi Saa akasema yeye ni jirani wa miaka mingi. Hawakugombana, ila alikinyanyua akajitwisha kichwani, akatoka nacho akipita katikati ya watu. Siku zote hajaomba kitu, kumbe alikuwa anavizia hicho! Tamaa ya mtu mnyamavu haina mfano.

Nimekula nimesimama. Nimelala sakafuni. Chumba kimekuwa kikubwa sana.

Jumamosi, 15 Machi

Nimekodi gari, lile refu la kubeba watu wa mazishi na harusi. Dereva aliniuliza ni lipi kati ya hayo mawili. Nikamwambia ni sherehe, na aje mapema, watu watakuwa wamesongamana.

Dada alipiga. Aliuliza kwa nini sauti yangu inarudi kama nipo kanisani. Chumba kitupu kinaitikia kila neno. Nikamwambia nimepanua nyumba. Akasema nimefanya vizuri, nikaona bora niongeze na veranda.

Kuna jambo moja linanisumbua kidogo, yaani nitalala wapi nikirudi. Nimeamua kulifikiria nikiwa huko. Ng'ambo watu hupata mawazo mazuri, hewa ni baridi.

Fundi Saa aliniuliza nani ataipaka mafuta cherehani. Nilisema binamu yangu atakuja kuichukua. Aliniuliza binamu yupi. Nikasema hamjui. Akasema sawa. Kisha akauliza kama nina koti, maana huko ni baridi. Nikamwambia ninayo mengi. Sina hata moja. Jioni nimelikuta koti limekunjwa juu ya turubai la cherehani, la zamani, vifungo vyote vipo. Ni mteja kalisahau. Nitalivaa, mwenyewe akija tutajua la kufanya.

Jumanne, 18 Machi, ndani ya ndege

Nimekaa dirishani. Niandike yote kabla hayajanitoka.

Gari lilikuja asubuhi na mapema. Nilikuwa nje tayari, na lile sanduku la bluu, nimelifunga kamba kiunoni. Tulisubiri. Dereva alizima injini. Baadaye nilienda kugonga kwa Mama Mwenye Nyumba. Alisema angekuja, ila mafundi wameshaanza kupaka rangi chumba changu na mafundi hawaachwi peke yao. Bwana wa mlango wa gari alikuwa bado amelala, mkewe alisema tangu wapate kile kitanda usingizi umekuwa mzito. Mama wa Duka alinipungia akiwa nyuma ya kaunta. Alisema ana chungu jikoni, hawezi kutoka. Nilisikia harufu. Jiko langu lilikuwa linapika vizuri.

Dereva aliuliza wengine wako wapi. Nikamwambia wametangulia.

Nilikaa kiti cha katikati ili gari lisionekane tupu. Nilikuwa na huzuni, siwezi kuificha hapa, hapa hakuna anayesoma. Nilijiwazia dada akiisubiri picha. Nilijiwazia Mama. Nikajiuliza nikianguka huko niendako, mtaani watajua baada ya muda gani, na nani atakayeuliza.

Nilipoteremka nilimkuta Fundi Saa amesimama mlangoni pa uwanja.

Amevaa shati lililopigwa pasi. Siku ya kazi, saa za kazi! Huyu mtu hajafunga meza yake hata siku ya mafuriko, alitengeneza saa miguu ikiwa ndani ya maji. Alikuja mapema kwa basi, akihofia foleni. Nilijua mara moja kilichomleta. Alitaka aione aibu yangu kwa macho yake mwenyewe.

Alichukua sanduku bila kuniuliza. Akaniambia, akiwa anatazama pembeni kama kawaida yake, kwamba kiti kiko kwake karibu na dirisha na hakuna anayekikalia. Anajigamba, unaona. Akasema cherehani ameiingiza ndani jana, ameipaka mafuta, binamu hakutokea. Akasema nikirudi, mpaka nipate chumba, kwake kuna nafasi, anaishi peke yake tangu watoto wake waende zao.

Nikamuuliza nani kamwambia narudi. Alisema fundi anayehama huuza cherehani, haifungi turubai mafundo mawili. Mpelelezi! Siku zote hizo anahesabu mafundo yangu.

Mwisho akasema, kwa sauti ya chini, kwamba ule mstari wa chaki ameufuta alipokuwa anafagia. Hivyo ndivyo mipaka ya watu inavyoliwa, mwenyewe akiwa bado hata hajapaa.

Lakini sikuwa na muda wa kugombana. Picha! Na hapo ndipo bahati iliponiangukia. Pembeni yetu ulikuwa ukoo mzima unamsindikiza binti yao. Wajomba, shangazi, maua, bibi mzee analia, watu hata kuwahesabu huwezi. Walikuwa wanajipanga wapigwe picha. Nikampa Fundi Saa simu yangu, nikamwambia apige haraka, nikajipenyeza katikati yao nikatabasamu.

Hawakunifukuza. Nadhani kila upande ulidhani natoka upande mwingine. Yule bibi alinishika mkono, akauweka shavuni kwake, akasema tuwe tunakumbukana. Nikalia. Sikuigiza. Nililia machozi yenyewe, mbele za watu nisiowajua, na bibi akazidi kunishika. Sijui nililia nini hasa.

Fundi Saa alifumba jicho moja, kama yuko kazini, akapiga. Ya kwanza alikata vichwa. Nikampigia kelele. Ya pili ikatoka safi kabisa.

Nilimtumia dada papo hapo. Fundi Saa aliniletea sanduku mpaka pale wasiosafiri wanapozuiwa. Akafunga kifungo kimoja cha lile koti ambacho sikukiona. Alisema safari njema. Nilikuwa na haraka, nikaitikia kwa kichwa. Nilipogeuka baada ya ukaguzi bado alikuwa amesimama palepale, anaangalia saa yake. Bila shaka alikuwa anahesabu kazi iliyomlalia.

Dada amejibu kabla ndege haijaondoka. Analia kwa furaha. Anasema hakujua napendwa hivi, na kwamba sasa atalala usingizi. Anasema Mama angeiona picha hii angezirai mara tatu. Akauliza, na yule Fundi Saa unayenisimulia kila siku, ni yupi kati ya hawa?

Nimeikagua picha uso kwa uso. Nikamjibu ukweli, kwamba hayumo.

Dada akasema kuna watu wana roho ngumu, jirani wa miaka yote hiyo, hata kukusindikiza! Sikubishana naye. Nimemwambia ndivyo alivyo, mimi nimeshamzoea.

Sasa tuko juu ya mawingu na mpango mpya umeshanijia. Wa kurudi. Maana haifai mtu kuondoka na umati vile, halafu apokelewe na upepo. Nitapeleka habari mapema kwamba narudi nimetajirika. La, watakuja kuomba. Nitasema narudi mgonjwa sana. Kwa mgonjwa watu hujaa, na hakuna cha kuchukua. Mama Mwenye Nyumba, Mama wa Duka, bwana wa mlango wa gari, wote lazima wawepo, wamejipanga, mimi katikati.

Na Fundi Saa nitamwambia aje mapema. Lazima awepo mtu wa kupiga picha.